Gari linapotetemeka kwenye mia, anza na kinachozunguka

Gari linaloanza kutetemeka kwenye kilomita 90 kwa saa, likazidi kwenye 100 na kupoa ukifika 120, limeshakueleza zaidi ya nusu ya ugonjwa wake. Shida ni kwamba maelezo hayo huishia barabarani. Mwenye gari anafika gereji na kusema, "Fundi, gari linatetemeka." Fundi analipiga jeki, anatikisa tairi kwa mikono miwili, anakuta bolijointi, kiungo cha gurudumu na bodi, imelegea kidogo, na orodha ya spea inaanza kuandikwa. Gari lililosimama halitetemeki. Kinachotafutwa hujitokeza matairi yakiwa kwenye kasi, kwa hiyo vipimo vya kwanza anavifanya dereva mwenyewe, akiwa ameshika stelingi, kabla hajaonana na fundi yeyote.

Mimi ni fundi, na inaniuma kuona pesa za watu zikiishia kwenye vipuri ambavyo havikuwa na kosa. Ndiyo maana nataka kueleza kwa kirefu Premio ya shemeji yangu, mume wa dada, kwa sababu karibu kila kinachoweza kukosewa katika ugonjwa huu kilikuwa kimeshakosewa kabla gari halijafika kwangu.

Shemeji anaishi Dar na ana shamba la miti Mafinga, kwa hiyo barabara ya Morogoro anaijua kona kwa kona: Chalinze, Mikese, Mikumi, Kitonga, Iringa, mpaka shambani. Gari lake lina rimu za spoti alizonunua Dar na matairi ya 195/65R15. Lilipoanza kutetemeka alilipeleka kwa mafundi wa mtaani kwake. Wakabadilisha tairodi endi, kiungo kinachounganisha stelingi na gurudumu, ikapungua kidogo, au alihisi imepungua. Wakabadilisha bushi za mbele, kisha shokapu. Katikati ya hayo yote likapelekwa alaimenti zaidi ya mara moja. Mwisho akaambiwa kilichobaki ni raki ya stelingi, mtambo unaogeuza magurudumu ukizungusha stelingi. Hapo ndipo aliponipigia.

"Shemeji, wanasema ni raki. Niitoe?"

"Subiri kwanza, shemeji. Inaanza kutetemeka ukiwa kwenye ngapi?"

"Tisini na kitu hivi."

"Ukigusa breki inaongezeka?"

"Hapana, ni vilevile."

"Unaisikia wapi, mikononi au kwenye kiti?"

Akafikiri kidogo. "Mikononi. Kiti kimetulia."

"Na kabla haijaanza, kuna kitu kiliguswa kwenye gari?"

"Hakuna. Ila nilipata pancha pale Mikumi, wakaziba, nikaendelea na safari."

Majibu hayo manne yalitosha kuiacha raki mahali pake. Mtetemo wa mikononi unatoka mbele, maana stelingi imeungwa na magurudumu ya mbele. Wa kwenye kiti na sakafu mara nyingi unatoka nyuma. Usipobadilika kwa breki, diski hazihusiki kwa sehemu kubwa. Na jibu la mwisho ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Gari lililokuwa zima likaanza kuumwa siku tairi lilipofunguliwa na kufungwa tena, mtu anaanza kutafuta pale palipofunguliwa.

Kanuni ninayoifuata ni moja. Mtetemo unaokuja na kasi, ukatulia gari linapopunguza mwendo, unaanzishwa na kitu kinachozunguka. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele kama Premio, vinavyozunguka ni matairi, rimu, habu (pale rimu inapofungwa), diski za breki, draivu shafti (vyuma vinavyopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi magurudumu), na injini pamoja na gia yake. Vingine vyote vimetulia mahali pake. Tairodi endi haizunguki. Bushi haizunguki. Shokapu inapanda na kushuka tu. Vikichoka, vipuri hivi huacha mtetemo upite kwa urahisi hadi mikononi, na ukiweka vipya unafifia kidogo. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea: gari linaonyesha nafuu, mwenye gari anaamini njia ni hiyo, anaongeza pesa, na kile kinachotetemesha bado kipo palepale kinazunguka.

Kuhusu alaimenti nina msimamo mkali. Alaimenti ni pembe za magurudumu. Pembe zikiharibika, gari linavuta upande, stelingi inakaa kombo, na tairi linaliwa ukingo mmoja. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotetemesha stelingi kwenye mia. Kinachowezekana ni kwamba gari likitembea miezi mingi na pembe mbovu, tairi huliwa kwa mabonde na vilima, na tairi la namna hiyo huunguruma na kutetema. Hapo dawa inakuwa tairi jipya, na alaimenti inafuata ili jipya lisiliwe vilevile. Kumwambia mtu mwenye mtetemo "kapige alaimenti kwanza" ni kumpeleka kwenye mashine isiyopima ugonjwa alionao.

Tulitoka alfajiri, tukapita Chalinze, tukalifanyia majaribio kwenye kipande kilichonyooka kuelekea Bwawani, nje ya vijiji na vibao vyake vya 50. Shemeji aliendesha, mimi nilikaa pembeni. Kwenye 80 hakuna kitu. Kwenye 92 stelingi ikaanza kucheza kwa ncha za vidole. Kwenye 103 ikawa inaonekana kwa macho, duara la stelingi likikosa ukingo ulio wazi. Tulipogusa 115 ikapungua.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuachia mafuta gari likiwa kwenye 103. Mtetemo ukabaki vilevile. Ungekuwa unakuja tu ukikanyaga na kukata ukiachia, ningeangalia jointi za ndani za draivu shafti, zile zinazoingia kwenye gia boksi. Jointi hizi nyingi zina roli tatu ndani yake. Zikila njia zao, gari linayumba kulia na kushoto linapovuta mzigo, hasa kwenye mlima, na linatulia ukiachia.

La pili lilikuwa kuweka nyutro kwa sekunde chache. Injini ikashuka kwenye sailensa, yaani mzunguko wake wa chini, magurudumu yakaendelea kuzunguka, na mtetemo ukabaki palepale. Injini na gia vikatoka kwenye orodha. Jaribio hili lifanyike kwenye barabara tambarare, tupu na iliyonyooka tu, na injini isizimwe kabisa. Ukizima unapoteza msaada wa breki na wa stelingi, na ukichomoa ufunguo stelingi inaweza kujifunga. Kwenye mteremko kama Kitonga usilijaribu hata kwa sekunde moja.

La tatu ni breki, kugusa kwa upole tu. Hakukuwa na mabadiliko.

Watu huniuliza kwa nini mtetemo unakuja kwenye kasi fulani kisha unapungua ukizidisha mwendo. Gurudumu pamoja na habu yake lina uzito, na limekaa juu ya tairi lenye upepo ambalo linafanya kazi ya springi. Uzito juu ya springi una mwendo wake wa asili wa kuruka. Kwa magurudumu ya magari madogo mwendo huo huwa kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Ni kama mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kila anaporudi kwako anapaa juu hata kwa nguvu ya kidole, ukisukuma nje ya wakati wake hapandi. Tairi lenye kasoro linasukuma mara moja kila linapozunguka, na kuna kasi ambayo mzunguko wa tairi unaangukia kwenye wakati wa bembea.

Kasi hiyo inapigiwa hesabu. Tairi la 195/65R15 lina kimo cha sentimita 63 hivi, kwa hiyo likizunguka mara moja linasogea karibu mita 2. Kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kwa sekunde. Gawa kwa 2, unapata mizunguko 14 kwa sekunde. Umeingia katikati ya bembea. Ndiyo maana magari madogo mengi hulalamika kati ya 90 na 110, na ndiyo maana mtu anayeendesha Ubungo hadi Kariakoo kila siku anaweza kukaa na ugonjwa huu mwaka mzima bila kuujua, akaujua siku anayosafiri kwenda kwao sikukuu.

Nguvu nayo inapanda kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Chukua gramu 30 tu, uzito wa kile kipande kidogo cha risasi kinachobandikwa kwenye rimu wakati wa balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu. Kikikosekana, kwenye 50 gurudumu linavutwa na nguvu ya karibu kilo moja. Kwenye 100 nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne: zaidi ya kilo nne, zikivuta juu, mbele, chini na nyuma, mara 14 kila sekunde. Tope lililokauka ndani ya rimu linaweza kuzidi gramu hizo kwa urahisi. Kama gari lako limetoka shambani wakati wa masika na mtetemo umeanza siku hiyohiyo, osha rimu kwa ndani kwa maji ya presha kabla ya kufungua pochi.

Siku hizi hesabu hii unaweza kuipima kwa simu. Kuna programu ya bure inayoitwa phyphox, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani kwa ajili ya majaribio ya fizikia. Inatumia kihisi mwendo kilicho ndani ya simu na kukuchorea mtetemo unapiga mara ngapi kwa sekunde. Mimi ninaifunga simu imara kwenye reli ya kiti kwa mkanda, na anayeiangalia ni abiria, dereva hata asiitupie jicho. Kasi nayo naisoma kwa GPS, kwa kuwa kipima mwendo cha gari mara nyingi husoma zaidi ya kasi halisi.

Kwa Premio ya shemeji, kwenye 103, kilele kimoja kilisimama kati ya 14 na 15. Mara moja kwa kila mzunguko wa tairi. Hapo maswali yanabaki machache: uzito wa gurudumu hauko sawa, au tairi si duara, au rimu imepinda, au gurudumu halikukaa katikati ya habu. Kingesimama kwenye 28 hivi, mara mbili kwa mzunguko, ningetafuta tairi lenye umbo la yai. Kwenye 43, mara tatu kwa mzunguko, ningerudi kwenye zile jointi za roli tatu. Kwa gari lenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, kama Hiace au Hilux, propela inazunguka karibu mara nne kwa kila mzunguko wa tairi, kwa hiyo hupiga hamsini na kitu kwa sekunde. Huo huusikii mikononi. Unakuja kama mvumo masikioni na ganzi kwenye nyayo. Simu nyingi za kawaida zinaanza kuchoka kusoma huko juu, lakini kwa matairi zinatosha kabisa.

Tuliporudi gereji, Kibaha, nikaliinua gari kwa mbele na kuliweka kwenye stendi. Nikaweka bisibisi juu ya tofali, ncha yake ikielekea kwenye ukingo wa rimu bila kuugusa, nikazungusha gurudumu la kushoto polepole kwa mkono. Nafasi kati ya ncha na rimu ikabaki ileile mzunguko mzima. Nikahamia kulia, upande uliopata pancha. Nafasi ikaanza na milimita 2, gurudumu likapanda, ikabaki moja, kisha ikafunguka tena. Nikapima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ili nisidanganywe na macho. Ilikuwa milimita moja na pointi.

Shemeji akainama, akaangalia mwenyewe. "Kwa hiyo rimu imepinda."

"Ngoja tuitoe kwanza."

Tukalifungua gurudumu lile, tukalipeleka kwenye mashine ya balansi. Likazunguka duara safi, rimu imenyooka, tairi limenyooka, na kioo kikasoma sifuri ndani, sifuri nje. Shemeji alikuwa ameshaniambia kwamba balansi ilipigwa na hakuna kilichobadilika, na sasa sababu ilikuwa mbele yetu. Gurudumu lililokuwa likicheza kwenye gari lilikuwa zima kwenye mashine. Kasoro ilikuwa pale linapokutana na gari.

Nikachukua venia, kifaa cha kupimia milimita. Kitovu cha habu ya Premio hii ni milimita 54.1. Tundu la katikati la rimu zake za spoti ni milimita 73.1. Watengenezaji wengi wa rimu za namna hii hutoboa tundu kubwa ili rimu moja iingie kwenye magari ya aina nyingi, na wanategemea uweke ringi ya kuziba nafasi inayobaki. Kwa shemeji hapakuwa na ringi. Pande zote za kitovu palikuwa na uwazi wa milimita 9 na nusu. Rimu ilikuwa imeshikwa na nati peke yake, na nati ndizo zilizoachiwa kazi ya kuiweka katikati.

Nati zenye kichwa cha koni zinaweza kuifanya kazi hiyo zikifungwa kwa utaratibu: gurudumu likiwa hewani, kila moja ikaingizwa kwa vidole, kisha zikakazwa kidogokidogo kwa kuruka, ya juu, ya chini upande wa pili, hivyohivyo kwa umbo la nyota. Barabarani usiku haiendi hivyo. Nati ya kwanza inakazwa hadi mwisho, rimu inalala upande mmoja, jeki inashushwa, uzito wa gari unakaa juu yake, na zinazofuata zinakaza kosa lililokwisha kaa. Simlaumu kijana wa pancha. Anafanya kazi gizani na spana moja, dereva akiwa anamharakisha, na rimu aliyopewa haikuwa na kitu cha kuiongoza.

Mashine ya balansi haiwezi kuliona kosa hili, na hili kila mwenye rimu za spoti anapaswa kulifahamu. Mashine inashika rimu kwa koni inayoingia kwenye tundu la katikati. Kwenye mashine, rimu iko katikati kamili. Kwenye gari, imekaa nusu milimita pembeni, yaani karibu nusu ya ile tofauti niliyopima. Gurudumu zima, rimu na tairi, lilikuwa na kilo 18 hivi. Kilo 18 zikikaa nusu milimita nje ya katikati ni sawasawa na kubandika gramu 47 za risasi ukingoni mwa rimu. Unaweza kupiga balansi kila wiki na gramu hizo zisionekane.

Ringi zinauzwa, za plastiki ngumu au alumini, mradi uwe na vipimo viwili: kitovu cha habu na tundu la rimu. Tukikosa za saizi, tunapeleka kipimo kwa mkerezaji wa mtaa wa Gerezani, Dar, akakereza za alumini. Kabla ya kuziweka nilisugua kutu yote kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, kwa sababu hata ganda dogo la kutu linaweza kulaza rimu. Nikaangalia pia nati zenyewe. Baadhi ya rimu za Toyota zinazotoka kiwandani zinatumia nati bapa zenye washa, wakati rimu nyingi za spoti zinataka koni. Ukibadilisha rimu ukabaki na nati za zamani zisizolingana nazo, zinaweza kukaza kwa nguvu zote na bado zisiwe zimekalia pale zinapopaswa.

Kukaza kwenyewe kunataka neno la ziada, maana hapa ndipo naona uharibifu mkubwa. Kwa magari mengi madogo ya Toyota nati ya gurudumu inakazwa kwa nyutoni mita 103. Ukiwa na mpini wa nusu mita, hiyo ni nguvu ya kilo 21 mwishoni mwa mpini, ambayo mtu mzima anaivuta kwa mkono bila kukunja uso. Sasa weka bomba la mita moja juu ya spana na umpandishe kijana wa kilo 70 alisimamie. Amezidisha zaidi ya mara sita. Stadi, zile boliti zinazoshika nati, zinavutika, diski inakunjwa bila usawa kwenye habu, na baada ya muda unaanza ugonjwa mwingine kabisa, wa kutetemeka ukishika breki. Spana ya kupimia mkazo si anasa ya gereji kubwa. Ningependa kila fundi wa mtaani awe nayo kabla hajanunua mashine ya upepo.

Na huo mtetemo wa breki, kwa kuwa nimeugusa: wengi husema diski imepinda. Mara nyingi imekuwa na unene usiolingana. Tofauti ya sehemu mbili au tatu za mia ya milimita, ambayo jicho haliioni kamwe, inatosha kuifanya pedali ipige chini ya mguu na stelingi icheze unapotoka 100 kwenda 60. Kubadilisha pedi peke yake hakuuponyi.

Tulifunga magurudumu yote manne upya na ringi zake, hewani kwanza, kisha chini kwa spana ya mkazo. Tukarudi kwenye kipande kilekile cha barabara. Kwenye 103 stelingi ilikuwa imetulia, na kile kilele kwenye simu kilikuwa kimeshuka hadi kikawa kigumu kukitofautisha na kokoto za lami. Raki yake ya stelingi haikuguswa, na naamini itamfikisha mbali.

Lakini kilichonikosesha usingizi katika gari lile kilikuwa nyuma. Nina desturi ya kutolishusha gari kabla sijazungusha magurudumu yote manne na kupitisha kiganja juu ya kashata za tairi, ule mpira wenye mistari unaogusa lami. Tairi la nyuma kushoto kiganja kilipanda kitu. Nikarudisha, kikapanda tena. Ukiliangalia kwa nyuma likizunguka, mistari ya kashata ilikuwa inakwenda kombo kidogo sehemu moja, kisha inarudi. Dereva hakuwa amehisi chochote bado. Stelingi ya mbele ilikuwa inapiga kelele kubwa kuliko lile.

Tairi la radial lina mikanda ya nyuzi za chuma chini ya kashata, imeshikamana na mpira. Joto, umri na mzigo vikiulegeza mshikamano huo, mikanda inaanza kuachana na mpira kutoka ndani. Nje unaona uvimbe mdogo, au huoni kabisa hadi upitishe mkono. Siku kashata inapobanduka gari likiwa kwenye 100, mara nyingi inabanduka yote kwa mkupuo, na tairi likiwa la nyuma gari linaweza kugeuka kabla dereva hajaelewa kilichotokea. Huu ndio mtetemo ambao sitaki mtu yeyote auvumilie hadi mwisho wa mwezi.

Una tabia zake. Balansi mbovu haionekani kwenye mwendo mdogo. Tairi linaloachana linaweza kuanza kuyumbisha gari kwenye 30 au 40, kama vile umekanyaga kitu laini kila mzunguko, na linazidi siku hadi siku. Ukipigiwa balansi leo na baada ya wiki mtetemo umerudi mkubwa kuliko mwanzo, usirudi kuongeza risasi. Fungua gurudumu, lipitishie mkono, liangalie ndani na nje.

Lile la shemeji lilikuwa tairi la mtumba, lenye kashata nzuri za kuvutia. Ubavuni mwake, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT, palikuwa na tarakimu nne: 2213. Wiki ya 22 ya mwaka 2013. Kashata nzuri haizuii mpira kuzeeka, na tairi lililokaa stoo au juani kwa miaka linafika dukani likiwa limesuguliwa na kupakwa rangi nyeusi. Muuzaji hana haja ya kusema uongo. Tarakimu ziko pale, ni kuinama na kuzisoma, za matairi yote manne na la spea, maana mara nyingi tarakimu zimeandikwa upande mmoja tu na huenda upande huo umefungwa kwa ndani.

Upepo nao una sehemu yake. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja zaidi kila mzunguko, na kule kujikunja ndiko kunakozalisha joto. Ongeza mizigo ya Iringa kwenye buti, abiria watano na jua la mchana, na tairi la zamani linafanya kazi lisiyoiweza. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani yanaandika kwa kPa, na 220 ni karibu psi 32. Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi, kabla ya kuondoka.

Shemeji aliliacha lile tairi gerejini na kununua mawili mapya ya nyuma kabla ya safari iliyofuata. Kwa mtu atakayelikuta lake njiani, kati ya Mikese na Morogoro kwa mfano, ushauri wangu ni huu. Punguza mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa ghafla, simama pembeni kwenye nafasi pana, weka pembetatu zako, kisha pitisha kiganja kwenye matairi yote kwa uangalifu, maana nyuzi za chuma zikishatoka zinachana mkono. Ukikuta uvimbe, weka spea na utafute tairi kwenye mji wa kwanza. Na spea yenyewe ipimwe upepo ukiwa bado nyumbani.